Mpigachapa wa Jericho

Sokoni Jericho, mpigachapa huyo aliitwa Nani Huyu, kwa sababu alipokagua barua ya Kiingereza alichora mstari wa penseli kutoka kila kiwakilishi, “he” au “she”, hadi kwenye jina la mtu, akiuliza, “Nani huyu?” Alasiri moja, macho yakimwuma, katika barua aliyompigia mteja wake Khavere, alikuta binti wa mama huyo, aliyeombewa nafasi katika shule ya wasichana, ametajwa kama mvulana mara tisa.

“Mzee, si watajua tu ni Millicent? Ofisi ya shule inafungwa saa kumi.”

“Mama Millicent, mwaka jana walipomnyima nafasi kwa kosa kama hili, walijua ni msichana?”

Mzee akashusha pumzi, akatia karatasi mpya kwenye taipureta. Vidole vilivyokakamaa vikamrudisha msichana mahali pake, mara tisa. Kisha akaikunja barua, akalamba bahasha, akaifunga.