Mama Mkwe na Gari Moshi Lililopepesuka

Mwaka nilioolewa Tanga mjini, mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Muheza kwa gari moshi. Alishuka stesheni kanga imemkaa upande. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha gari.

"We dereva! Umelewa asubuhi yote hii?"

Dereva, mtu mzima aliyejaa masizi, akachungulia. "Shikamoo, mama. Mimi sinywi."

"Mbona gari linapepesuka? Kule mteremkoni nimemkalia padri wa watu mapajani mara mbili!"

Mume wangu alikuwa fundi wa kukereza magurudumu kwenye karakana ya reli. Alimvuta mama yake nyumbani kwa aibu, na tulipokwisha kula akaamua kumwelimisha. Akachukua vikombe vyangu viwili vya kahawa, vya harusi, akavigandisha mdomo kwa mdomo kwa ugali. Akalaza michi miwili sambamba, akainua kidogo ncha zake za upande mmoja, akavibingirisha juu yake. Vikaenda kushoto, vikaja kulia, wala havikuanguka.

"Gurudumu halikukatwa sawasawa kama gogo, mama. Ni nene kwa ndani, jembamba kwa nje, kama vikombe hivi. Likielemea upande mmoja, upande ule hukanyaga reli penye unene, hutangulia gurudumu mwenziwe la upande wa pili, na gari hurudi katikati lenyewe. Ila magurudumu yakishalika, na mwendo ukazidi, hurudi kwa pupa yakapitiliza. Ndiko kuyumba kwenyewe."

Ili aeleweke vizuri akainua michi juu zaidi. Vikombe vikayumba, vikachachamaa, vikaruka na kuvunjikia kizingitini.

Mama mkwe akanigeukia. "Umeona, mwanangu? Kaviendesha kama yule mlevi."

Nilitaka kulia kwa ajili ya vikombe, nikashindwa kwa kicheko.

Alipokuja tena, baada ya mfungo, alishuka ametulia, kanga mahali pake. Mume wangu alikuwa akimsubiri kwa hamu.

"Gari limenyooka, sivyo? Magurudumu yale nimeyakereza upya kwa mikono yangu."

"Wewe umekereza chuma," akasema mama yake. "Mimi nilimkereza dereva."

Akamwendea na kumshika mkono kwa huruma ya mzazi. "Hongera, baba. Naona umeacha."

Dereva alimtazama, akatutazama na sisi tuliosimama nyuma ya mama, kisha akainamisha kichwa.

"Nimeacha, mama," akasema.