Kopo la Flashi la Mama Gasper

Kule Kitangari mvua ya kwanza ya mwaka hainywewi. Wenye nyumba za bati huvuta bomba pembeni, maji yenye vumbi na kinyesi cha popo yamwagike, ndipo mvua inayofuata iruhusiwe kuingia tangini. Scholastika, ambaye wengi humwita Mama Gasper, tangu utotoni alilivuta bomba hilo. Alipokabidhiwa kumbukumbu za kituo cha afya, uangalifu ule ule ukamfuata kwenye kompyuta.

Humo mlikuwa na orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu mia moja na kumi na wawili: nani kaanza dawa lini, dozi gani, wiki ngapi zimebaki. Kila Jumatatu na Alhamisi aliinakili orodha kwenye flashi, akaichomoa, akaifungia katika kopo la maziwa. Alfredi, fundi wa kutoka Masasi, alimcheka. Programu ya kuzuia virusi alikwisha kuiweka, nayo ilisasishwa kila wiki; kopo la nini tena?

"Mama Gasper, hayo si maji."

Scholastika alimjibu kwamba hata yeye hajui hayo ni nini, na ndiyo maana anaogopa.

Jumatano moja ya mwaka 2009 ilifika barua pepe kutoka kwa Mwanaisha, karani mwenzake wa Newala, rafiki wa tangu shule. Programu haikulalamika. Akaifungua. Kabla ya saa sita mchana orodha ilikuwa imegeuka alama zisizosomeka.

Kwenye simu Alfredi hakucheka. Alieleza taratibu, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kulikuwa na tundu ambalo hata waliotengeneza kompyuta hawakulijua. Wahalifu walilijua kwanza. Programu yake hukamata virusi vilivyokwisha kuonekana mahali. Hiki hakikuwa kimeonekana popote, na dawa yake haikuwepo bado. Mwanaisha naye hakujua kwamba kompyuta yake imetuma barua.

Nje wagonjwa walikohoa kwenye benchi. Danieli, mganga wa zamu, alisimama mlangoni.

"Chomeka flashi, mama. Watu wanasubiri dawa."

Scholastika alilikumbatia kopo. "Hapana, baba. Tangini mna mzoga. Nikimimina maji safi humo nitapata nini?"

"Tutawaambia nini?"

"Wasubiri. Hii ikiharibika, hatutakuwa hata na majina ya kuwaita."

Danieli akatoka kwenda kuwaambia. Scholastika akachomoa waya wa intaneti, akaenda kuazima kompyuta ya shule ambayo haikuwahi kuunganishwa na chochote. Orodha ya Jumatatu ikafunguka, nzima. Kilichopotea ni kazi ya siku mbili, kumbukumbu za watu saba.

Kesho yake alikwenda kuwatafuta kwa miguu, mmoja mmoja, njia za mikorosho. Wa mwisho alikuwa mzee Dauda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmenipoteza?"

"Siku mbili tu."

Mzee aliingia ndani, akatoka na kifuko cha maganda ya vidonge alivyomeza, hakutupa hata moja. Aliyapanga mkekani bila haraka. Scholastika alihesabu pamoja naye, akaandika kwa kalamu katika daftari ambalo tangu siku ile hujazwa kila jioni, kabla flashi haijarudi koponi.