Mama Sikio na Ndege wa Chini

Pale kituo cha utafiti msituni walimwita Mama Sikio, na jina likamkaa. Msitu ule ulikuwa na aina mbili za ndege wadogo wa kijivu, wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na ni yeye tu aliyeweza kuwatofautisha bila kuwaona. Wa chini hupekuapekua majani makavu akitikisa mkia, na milio yake mitatu hushuka. Hathubutu kuvuka hata njia ya gari. Anazaliwa upande mmoja, anafia hapohapo. Wa juu hukaa vileleni, na mlio wake wa mwisho hupanda. Huyo hakuwa amesikika tangu miti mikubwa ikatwe, miaka kumi na tisa nyuma.

Binti yake mjini alikuwa amejifungua mapacha, na hana wa kumsaidia. Mama Sikio aliandika barua tatu kuomba ruhusa ya kuacha kazi. Akiondoka bila ruhusa, kiinua mgongo kinaota mbawa.

"Nikikuachia, nani atatusikilizia?" mkuu wa kituo alimjibu mara zote tatu.

Basi akaamua kujitia uziwi. Aliona aibu, lakini angefanyaje?

Asubuhi, akiwa msituni na mkuu, kichaka cha kufika magotini kikatoa milio mitatu, ikishuka. Mkuu, msomi mpaka upara, hakuwahi kuisikia tofauti ya ndege hao wawili.

"Wa juu huyo," akasema Mama Sikio, macho makavu. Wa juu, kwenye kichaka! Akasubiri achekwe.

Mkuu akavua kofia. "Amerudi! Na sasa anashuka chini! Tabia mpya kabisa hii, Mama!"

"Nimekosea, Mkuu. Masikio yangu yamekwisha."

"Wewe ukosee? Acha utani."

Akaandika, akaenda moja kwa moja kupiga simu. Hadi adhuhuri watafiti sita walikuwa wamepangwa kuja, kwa miaka mitatu, na msikilizaji wao ni mmoja tu. Mama Sikio akamfuata ofisini, akamwaga yote: alidanganya makusudi ili aruhusiwe kwenda. Mkuu akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Mama yangu, hamu ya wajukuu imekufikisha mpaka kujisingizia uongo? Pole sana."

Jioni alisimama kando ya njia ya gari, ambako simu hushika. Mapacha walisikika wakilia, wote wawili kwa pamoja.

"Mama, wamekwambiaje?" binti akauliza.

"Wameniamini, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka.