Bustani Niliyokataa Kuitoa

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojifunza kusema sitaki. Nilikuwa mke mpya Gahanga, pembezoni mwa jiji. Kwetu ni Biryogo, mtaa wa katikati ya jiji, na unajua watu wanavyotusema sisi wa Biryogo: cherehani tunaijua, biashara tunaijua, jembe hapana. Basi nilipoolewa na dereva wa lori mwenye kiwanja huko pembeni, kaka yake mkubwa alicheka mbele ya wageni. Alikitaka kile kipande cha ardhi kando ya nyumba yetu ajenge vyumba vya kupangisha. Alisema tumpe yeye, kwa kuwa mimi nitakiacha kiote magugu.

Nikachukua jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Ila akili yangu ilikuwa ya kitambaa. Fundi kabla hajashika mkasi hupanga vipande vyote juu ya kitambaa, kila kimoja mahali pake, pasipotee hata pembe. Nami nikapanga bustani hivyohivyo: kabichi kwao, vitunguu kwao, maharage kule, na mahindi mbele kabisa upande wa njia, ili wapita njia wayaone na wafunge midomo. Ilipendeza, usifanye mchezo! Viwavi nao wakaipenda. Kabichi zikatobolewa, maharage yakalala chini, na kila kilichokuwa nyuma ya mahindi kikadumaa kwa kukosa jua la asubuhi.

Mama mkwe akaja kunitazama. Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mkali, na alinipenda kwa kunigombeza. Akaizunguka bustani yote, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na lugha ya kwao:

"Mwana wanjye, mwanangu, nani alikufundisha kurima namna hii? Kila mboga iko peke yake kama mugeni wa loji. Nani iko anasaidia mwenzake?"

"Lakini mama, nimeipanga vizuri."

"Umepangia macho ya watu. Pangia jua, pangia maji."

Yaliniuma, lakini niliyashika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kabichi iliyo peke yake haimfukuzi mdudu. Tukang'oa, tukaanza upya sisi wawili. Mahindi tukayapanda nyuma, upande wa machweo, yasimzibie mwenzake jua. Maharage tukayaweka miguuni pa mahindi yapate pa kupanda, na maboga yakatambaa chini kuifunika ardhi isikauke. Vitunguu tukavichomeka katikati ya kabichi, kwa sababu harufu yake humchanganya mdudu. Matuta nayo tukayakata kukingama mteremko, mvua isiondoke na udongo wetu.

Miche ilikuwa bado michanga shemeji alipokuja na fundi wa nyumba, kamba na vigingi mkononi.

"Shemeji, ulijaribu, tumeona. Sasa hii nafasi iko ya kujenga."

Mume wangu alikuwapo. Akaangalia chini, maana neno la kaka mkubwa ni zito. Nikaingia katikati ya matuta, nikasimama.

"Hapa hapajengwi, shemeji. Hapa ninalima mimi."

"Unarima nini? Mimi sioni kitu."

"Hata kama huoni. Sitoi."

Nilijua ningeweza kurudishwa kwetu na aibu yangu kichwani. Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo, nami siku hiyo moyo wangu haukuwa tayari kufa. Mama mkwe akapita polepole kati yetu, akaokota jembe, akaanza kupalilia tuta lililokuwa karibu na miguu yangu. Fundi akaikunja kamba yake.

Wapo wanaosema mavuno ndiyo yaliyonitetea. Uongo! Kabichi zilifunga baadaye sana, na nyingine zililiwa na viwavi vilevile. Nilikataa nikiwa sina hata jani moja la kuringia.

Sasa wewe umepata kijisehemu chako Masaka, na majirani wanakwambia upande nyasi, eti mboga ni mambo ya kijijini. Waache waseme, mdomo ni mali yao. Anza na tuta moja unaloweza kulimudu. Kabla hujachimba, tazama jua linakotoka na maji yanakoelekea. Mrefu akae pasipomfunika mfupi, anayepanda apewe wa kumshika, na mwenye harufu kali akae jirani na anayeandamwa na wadudu. Ukikosea, ng'oa upande tena, wala usimwombe mtu radhi. Na usingoje mavuno ndipo uone una haki ya kusema hiki changu. Sema sasa, udongo ungali kwenye kucha zako.

Mungu aikubali mikono yako, mwanangu. Mvua ikujie kwa kiasi, sufuria yako isikose cha kupika, na siku atakapokuja mtu kukupimia bustani yako kwa kamba, akukute umesimama katikati yake.