Glenys na Kanuni ya Nne

Glenys Trethewey aliendesha basi la shule kati ya miji ya pwani ya Wynyard na Burnie miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu kilimkosesha usingizi ni mlio wa injini uliokoma wenyewe. Injini ikilia, sawa, utaifungua uone. Lakini ilie wiki nzima kisha inyamaze bila kuguswa na mtu? Glenys hakuwa na raha mpaka ajue. Mumewe, kabla hawajaachana, alikuwa akisema mwanamke huyu angehoji hata maiti.

Kisha majira moja ya baridi akashikwa na homa. Homa ikapita, yeye akabaki kitandani. Ndio ule ugonjwa wa uchovu: ukijikaza leo ukaosha nywele, kesho na keshokutwa huwezi kuinua kijiko. Wenyewe huita kuanguka, na wapo wanaoangushwa hata na mwanga au harufu. Daktari wa kwanza alimwambia atafute jambo la kumchangamsha. Haya, akalipata: alifungua kikundi mtandaoni cha wagonjwa wenzake, kikafika watu elfu nne, naye akakiongoza kwa kidole kimoja, amelala chali, simu ameiegemeza kwenye mto.

Na alikuwa mkali, jamani! Kanuni ya nne aliitunga yeye: humu hakuna kutangaza kupona. Msidhani ni roho mbaya. Karibu kila aliyeleta habari ya kupona alikuwa na kitu mfukoni: unga wa mizizi, mafunzo ya kupumua, kitabu. Na hata asiyeuza, maneno yake yaliishia kwa ndugu. Kaka wa mgonjwa mmoja wa kikundi, Merridy, aliwahi kuchapisha habari moja ya namna hiyo akambandikia dada yake mlangoni, na juu yake ameandika: "Mwenzio kaamka, wewe unangoja nini?"

Huyo Merridy Askew ndiye shoga yake Glenys. Miaka kumi na moja wameandikiana kila siku, wakataniana, wakavushana siku zile ambazo mtu hutamani kesho isifike. Wote wawili wako Burnie, mmoja kilimani, mwingine karibu na ufukwe, na hawajawahi kuonana hata mara moja. Angekwenda nani, na kwa miguu ipi?

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano, bwana wa mji wa mbali wa Whyalla aitwaye Darryl akaandika kikundini: "Nimepona. Sijui kwa nini. Siuzi kitu."

Loo! Kufika saa ya chakula cha mchana, majibu mia mbili. "Hukuwa na ugonjwa wetu wewe, ulikuwa mvivu tu." "Umekula nini? Sema, mbona unatuficha?" "Ngoja uanguke, tutakuona." Ajabu ni kwamba waliomwita mwongo na waliomwomba dawa walikasirishwa na neno lile lile: sijui. Angetaja unga wa mizizi, wangejua pa kumweka.

Merridy akamwandikia Glenys pembeni: "Mfute haraka. Kaka yangu akiona, nimekwisha."

Kidole cha Glenys kilikuwa tayari, lakini hakikubonyeza. Akampigia Darryl simu.

"Mimi ndiye Glenys."

"Alaa, askari mwenyewe! Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Ilianzaje?"

"Siku moja nilitoa pipa la taka nje. Kesho yake nikalala nangoja kuanguka. Sikuanguka."

"Ulikuwa umebadili nini?"

"Niliacha maziwa. Nikayarudia. Nikafuga paka, paka akatoroka. Mama, nimelichunguza jambo hili mpaka nimechoka, na mimi najua kuchoka ni nini."

Wakacheka wote wawili. Kisha Darryl akasema, "Lakini wewe mbona unauliza kama mtu aliyepoteza ufunguo?"

Tangu mwezi wa pili Glenys alikuwa akitembea mpaka mwisho wa ufukwe na kurudi, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, asije akaonwa na mtu wa kikundi. Siku ya kwanza alirudi akajilaza kungoja adhabu. Haikuja. Kesho yake akarudia, udadisi tu. Sasa wiki ya kumi na mbili. Hakubadili dawa wala chakula. Furaha alikuwa nayo, tele, lakini kila jioni alimwandikia Merridy, "Leo nimelala tu."

"Mimi pia," akasema mwishowe. "Na mimi sijui."

"Ehee! Utawaambia?"

"Hao elfu nne watanitukana, nitavumilia. Yupo mmoja nikimwambia nitampoteza."

"Na usipomwambia?"

"Wee Darryl, nani kakwambia uulize maswali hapa?"

Akakata simu. Ujumbe wa Darryl akauacha, yale matusi akayafuta. Halafu akaandika kwa Merridy, akafuta, akaandika tena, mara sita. Ujumbe uliobaki ulikuwa mfupi: "Shoga, sijamfuta. Mimi pia natembea, tangu mwezi wa pili. Nimekudanganya, nisamehe. Sijui kwa nini ni mimi na si wewe."

Alama ikaonyesha ujumbe umesomwa. Jibu hakuna.

Siku hiyo kimya, ya pili kimya. Glenys alilia, naam, yeye aliyekuwa akinyamazisha basi zima la watoto kwa jicho moja. Ufukweni hakwenda. Alifikia hata kutamani aanguke tena, wawe sawa, kisha akajionea aibu kwa kutamani hivyo.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikatoa mlio. Merridy huandika maneno machache. Nguvu zake ndizo hizo.

"Nimekukasirikia mno. Siwezi kukutukana kwa kidole, kinauma. Miguu unayo, njoo. Mlango wa nyuma. Usijipulizie manukato, usiwashe taa. Utakaa dakika kumi tu."

Glenys akausoma mara mbili. Akaoga bila sabuni, asinukie chochote, akashika njia ya kilimani.