Usaili Nilioinamisha Uso

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyojua likizo, nilipopanda basi kwenda kwenye usaili wa chuo cha udaktari. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi, nafundisha baiolojia Kiwira. Alama zangu za kidato cha sita zilikuwa za wastani kama zako, mwanangu, kwa hiyo usinione hivi ukadhani nilizaliwa na koti jeupe. Chuo kile kilikuwa na nafasi chache kwa wenye shahada, na udaktari niliutaka kuliko hata kuolewa, jambo lililomnyima mama yangu usingizi.

Niliingia nikachuchumaa kuwasalimu wale wakubwa waliokaa kunisaili, kama tulivyolelewa. Wakaniambia kiti kipo. Nikakaa, macho sakafuni. Waliponiuliza kwa nini wanichague mimi mwenye alama hizi, nikajibu kwa sauti ya chini kwamba wao wakubwa ndio wanaojua. Kwetu mtoto hajisifu mbele ya watu wazima. Nilitoka nikiamini adabu yangu imewafurahisha. Nafasi nikaikosa.

Nililia hadi macho yakavimba. Shangazi yangu wa Kawetele, aliyenilea na kunifundisha huko kuchuchumaa, alinisikiliza huku akimenya ndizi, wala hakungoja nimalize.

"Mwe, mwanangu, heshima si utumwa," akasema. "Mkubwa akikuuliza, kumnyima jibu ndiko kukosa adabu. Mficha uchi hazai."

Iliniuma, maana nilitaka kubembelezwa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku za mapumziko nikaanza kujitolea kwenye zahanati moja huko Kinyala. Tabibu wa pale alikuwa mgeni, na bibi zetu walieleza maumivu yao kwa Kinyakyusa, basi nikawa nawatafsiria. Hapo ndipo nilipojifunza kumuuliza mtu anaumwa wapi, kisha kunyamaza nimsikie.

Mwaka uliofuata nikarudi kwa wasaili wale wale. Nikachuchumaa tena, hilo sikuliacha. Kisha nikakaa, nikawatazama.

"Alama zangu ni za kawaida kwa sababu nilikuwa nakariri," nikasema. "Kufundisha kumenilazimisha kuelewa. Na wagonjwa nimewasikiliza, niulizeni."

Wakaniuliza kweli, mpaka chai yao ikapoa. Nafasi nikapata, nikatibu watu hadi nikastaafu, na moyo wangu umeridhika.

Basi, mwanangu, alama za zamani usizifiche wala usizililie. Zitaje, kisha sema umefanya nini tangu hapo. Kama hujafanya kitu, anza kesho, zahanati hazikosi kazi. Masharti ya kila chuo yasome vizuri kabla ya kuomba, maana si vyote vinavyopokea shahada yako. Wakikukataa, uliza sababu, ujirekebishe, urudi. Salimia kwa unyenyekevu, lakini ukiulizwa, inua uso ujibu.

Mungu akunyooshee njia, akupe mikono myepesi na masikio ya kuwasikia hata wanaonong'ona. Nami anibakize, siku moja nije unipime presha.