Uwanja wa Gofu Wenye Dagaa

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la saba, na kalamu huwa naishika kama mtu aliyeshika samaki mzima, nikiogopa itateleza. Karatasi hii nimeiandika kwa siku kadhaa, mdogo wangu ataipiga picha na kuituma kwenye kundi letu la wapenzi wa gemu za zamani. Humo ndani nimekaa muda mrefu nikisoma ya wenzangu tu, sijawahi kuweka hata neno. Lakini juzi mtu mmoja aliuliza, "Nani anakumbuka zile gemu za kujenga viwanja?" Nikaona hapo nikinyamaza nitakuwa nimejidhulumu mwenyewe.

Enzi zetu, wenzangu, gemu haikukaa mfukoni. Ilikuwa inafuatwa. Sisi wa Igogo, mtaa wa majabali kando ya ziwa, tuliifuata kwenye steshenari ya kaka Sospeter, kibanda kilichobanwa kati ya majabali mawili, ambako watu walikwenda kutoa fotokopi na kuchapisha barua na kadi za harusi. Kompyuta ilikuwa moja, yenye kisogo kikubwa, na ilipowaka ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Mle ndani kulinukia wino wa moto na samaki wa kukaanga wa jirani. Majabali yalishika joto la mchana, ukiegemea ukutani ulihisi mgongo unaiva.

Kaka Sospeter hakututoza kitu. Mimi na rafiki yangu Doto, msichana mwenzangu, tulimchotea maji na kumfagilia, naye alituachia kompyuta pale wateja wanapokosekana. Sheria yake ilikuwa moja: "Mteja akiingia, mnasimama kabla hajanisalimia." Tulisimama, tena na shikamoo juu.

Gemu ilikuja kwenye CD, sahani iliyofutika jina, tukaiita gemu ya nyasi. Siku ya kwanza kioo kilipofunguka niliona ardhi kutoka juu, kama unavyoona mabati ya majirani ukiwa umepanda jabali. Ila ardhi ile ilikuwa kijani yote, imetulia, haina nyumba wala jiwe wala mtu. Doto aliniegemea akanong'ona, "Hapa ni kwa nani?"

"Sijui," nikasema.

"Basi ni kwetu."

Ukibonyeza, ardhi inainuka. Ukibonyeza pengine, inashuka na maji yanajaa. Kwa mtoto wa leo labda hicho si kitu. Lakini nyumbani kwetu baba alitaka kuongeza jiko nyuma ya nyumba, na pale nyuma palikuwa na jiwe. Alilichomea moto wa magogo, akalimwagia maji, akaligonga kwa nyundo jioni baada ya jioni. Mvua za vuli zikaja, zikaisha, jiwe bado linamtazama. Sasa mimi mtoto wake nagusa kwa kidole, kilima kizima kinahama bila vumbi. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikauangalia, mbele na nyuma, kama si wangu.

Baada ya kupanda nyasi na kusimika bendera, watu walianza kuja. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga kimpira kisha wanakifuata kwa miguu hadi kwenye kishimo chenye bendera. Hatukujua kwamba mchezo huo unaitwa gofu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa "yes" na "no". Tulichosoma ni nyuso zilizotokea juu ya vichwa vyao: ya manjano inayocheka, au nyekundu iliyokasirika. Tukawaita wageni, na mgeni ana haki zake. Doto akimwona mwenye mvi alikuwa anakiambia kioo, "Shikamoo babu."

"Endelea tu," Sospeter alimwambia. "Siku akiitikia, mimi duka nakuachia, nakimbia."

Babu yangu mwenyewe, mfugaji wa Misungwi, alipita siku moja kutoa fotokopi ya kadi yake ya hospitali. Akainama mbele ya kioo, fimbo yake mkononi, akakikagua kona hadi kona.

"Nyasi zote hizi," akasema mwisho, "ng'ombe wako wapi?"

"Hamna ng'ombe, babu," Sospeter akamjibu. "Hao wanapiga mpira tu."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

"Na mvua huko inanyesha?"

"Inanyesha vizuri."

Babu alitikisa kichwa. "Wasukuma tunahangaika na mifugo barabarani, kumbe malisho wamepewa wacheza mpira." Akachukua karatasi zake akaondoka ameudhika kweli kweli, na nyumbani hakulizungumza jambo jingine hadi ugali ukaisha.

Katika vitu vya kujengea kulikuwa na mchanga. Hakuna aliyetuambia kazi yake. Lakini kwenye picha ulikaa karibu na maji, na mtoto wa ziwani haulizi mchanga ulio karibu na maji ni wa nini. Ni wa kuanikia dagaa! Mama yake Doto kazi yake ilikuwa hiyo. Asubuhi anawamwaga, anawatandaza, anawageuza, anafukuza ndege. Wingu likitokea upande wa ziwa utasikia wamama wanapiga kelele na kila mwenye mikono anakimbia kuzoa. Kwa hiyo kila tulipochimba maji, pembeni tuliweka mchanga, mpana, ili watu wasigombanie nafasi. Tukaufurahia uwanja wetu. Tulikuwa tunaulaza na kuuamsha kama mtoto mchanga, tukimkumbusha Sospeter kusevu kabla hajazima.

Shida ilikuwa wageni. Wanaingia wanacheka, wanatembea kidogo, kisha nyuso zinakuwa nyekundu, mmoja anatupa fimbo, mwingine anageuza njia na kutoka. Doto alisema ni harufu ya dagaa, watazoea. Tukawapandia miti ya kivuli. Tukawawekea mabenchi na kibanda cha chakula. Wakala, wakakasirika wakiwa wameshiba. Likizo nzima hatukumwona hata mmoja aliyefika bendera ya mwisho, ile tuliyoiweka juu ya kilima kizuri kuliko vyote, mahali maji yanapoonekana pande zote.

Ndipo kaka Sospeter akatuambia. Flashi za wateja zilikuwa zimejaza virusi kwenye kompyuta, barua moja ilichukua asubuhi nzima kufunguka. "Jumatatu fundi anakuja kuifomati," akasema. "Inafutwa yote."

"Na uwanja wetu?" nikauliza.

"Yote, Minza. Na ile sahani ilishakwaruzika, haisomi tena. Nisameheni wadogo zangu, mimi nakula kwa mashine hii."

Nilishindwa hata kulia. Nilikuwa mtoto ambaye darasani mwalimu akinitaja jina najificha nyuma ya daftari. Mahali pekee nilipokuwa natoa amri na mambo yakatendeka palikuwa pale. Doto aliuma mdomo, kisha akasema, "Basi Jumamosi mtu afike kileleni. Hata mmoja. Usifutwe hivi hivi kama hakuna aliyewahi kufika."

Jumamosi tulichota maji mapema, tukakaa. Tulimchagua bibi mmoja mwenye kofia nyekundu, tukamwita Bibi Kofia, tukaapa kutomwacha kwa macho. Awali macho yetu yalikuwa yanarukaruka, mara kwa huyu mara kwa yule. Siku hiyo tulimfuata yeye tu. Akapiga, kimpira kikaruka juu, kikaanguka kwenye mchanga. Akapiga, kikabaki mchangani. Akapiga tena na tena, na uso ukawa mwekundu mbele yetu.

"Siyo harufu," nikasema. "Ni mchanga unawashinda. Tuutoe."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa watu wa ufukweni waanike wapi? Kichwani kwako?"

"Doto, pale hakuna dagaa. Ni gemu."

"Na huyo bibi je, yupo?"

Nikamtazama yule bibi, kimpira chake bado kiko mchangani. Sospeter naye aliinua macho kwenye karatasi zake akatutazama, kisha akayarudisha taratibu.

Tukakaa tumenuniana, muda unakwenda. Halafu nikakumbuka ninavyotembea mimi mwenyewe nikienda kumwita Doto kwa mama yake. Kule hakuna anayekanyaga dagaa wa mtu. Hata uwe na ndoo kichwani na jua linakuchoma, unazunguka. Njia za ufukweni zimepinda hivyo kwa sababu zinapita kando ya kazi za watu. Nikamwambia, "Mchanga ubaki. Tupinde njia." Doto alinisogezea kipanya.

Tuling'oa bendera na kuzihamisha. Nyasi tulizokuwa tumezinyoosha kama barabara ya lami tukazikunja, zikawa zinaupita mchanga kwa pembeni, zinarudi, zinapita tena. Wateja waliingia, tukasimama, tukakaa, tukasimama. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya majabali tulipopanda nyasi za mwisho. Ndipo mama yake Doto akatokea mlangoni, magamba ya dagaa yanamng'aa mikononi.

"Doto! Ufukwe mzima nakutafuta! Wewe umekuwa karani siku hizi?"

"Mama, kidogo tu. Bibi anakaribia."

"Bibi gani?"

Hapo hapo Bibi Kofia akaingia tena. Mama yake Doto alisogea kutuvuta masikio, akaona kioo, akasimama. "Huo mchanga ni wa nini?" akauliza kwa sauti nyingine.

"Wa kuanikia, mama."

Aliangalia mchanga, akaangalia nyasi zinavyouzunguka, na yule bibi anavyopita pembeni bila kugusa hata ukingo. "Mmewaachia njia," akasema. "Vizuri." Akaketi kwenye kiti cha wateja.

Bibi Kofia alitembea. Alipita maji ya kwanza, akapita ya pili, uso wake ukiwa wa manjano. Alipumzika kwenye benchi, akanunua chakula, akaendelea. Kwenye kilima alipiga, kimpira kikapanda, kikasita karibu na kishimo, na sote wanne tukavuta pumzi. Kikaingia. Akarusha mikono juu, akaruka, kofia nyekundu ikaruka naye. Halafu alisimama pale juu, mdogo kama punje, maji pande zote. Sijui kama aliumbwa asimame hivyo au mashine ilikuwa imechoka. Mimi niliona anaangalia mbali, na kwamba alichokuwa anaangalia tumekitengeneza sisi. Nimeingia kanisani mara nyingi, nimeona radi ikipiga ziwa, lakini unyenyekevu ulionishika jioni ile sijaupata tena.

Mama yake Doto akainuka kitini. "Amefika salama," akasema. "Haya, twendeni, dagaa hawajazolewa."

Jumatatu tulipotoka shule fundi alikuwa ameshamaliza. Kioo kilikuwa cha bluu, kitupu. Sospeter alituonyesha inavyowaka haraka, akiongea mfululizo kama mtu mwenye msiba. Tukasema ni nzuri. Doto akachukua ndoo, mimi nikachukua fagio.

Siku hizi mtoto wa Doto ana gemu nyingi kwenye simu ya mama yake kuliko kaka Sospeter alivyokuwa na karatasi. Doto aliolewa ng'ambo ya Busisi, na tangu daraja lifunguliwe anakuja mara kwa mara. Zamani alisubiri kivuko hadi muwa alionunua uishe na maganda yake yakauke, sasa anavuka kabla hajaumenya. Tulimsimulia mwanawe habari hizi. Alitusikiliza kidole kikiwa bado kinasugua kioo, akauliza, "Sasa mama, mlikuwa mnashinda nini?" Doto akacheka mpaka akashika mbavu. Siwalaumu watoto wa leo. Gemu zao zinawajengea kila kitu, zinawapa na zawadi kwa kufungua tu, na ukichoka unaruka. Ni nzuri, hata mimi huwa nazicheza. Ila sijamwona mtoto akiondoa mkono kwenye simu ili auangalie.

Uwanja wetu hauna picha. Tuliouona ukikamilika ni mimi, Doto, mama yake na kaka Sospeter, na mama yake Doto sasa ni marehemu. Kila mara mmoja wetu anapopungua, nyasi zile nazo zinapungua. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua na ninyi mlijenga, wengine miji, wengine reli, wengine viwanja, kwenye mashine ambazo zilifutwa au zikauzwa vyuma chakavu. Niandikieni. Nielezeni maji mliyaweka wapi, njia ilipita vipi, na kama kuna aliyefika mwisho. Mimi husoma polepole, lakini nitausoma kila uwanja mpaka niuone.